Kumpima Mzazi Presha Ukiwa Mbali: Adabu Kabla ya Mashine

(Haya ni mazungumzo yaliyotolewa na muuguzi mmoja, mzaliwa wa Mishomoroni, mbele ya vijana na wazazi baada ya sala ya Tarawehe. Tumeyaandika karibu kama yalivyosemwa ili waliokosa kuhudhuria nao wafaidike.)



Wazee wangu, mama zangu mlioko nyuma ya pazia, na nyinyi vijana wenzangu. Namshukuru Mwenyezi Mungu kutukutanisha usiku huu. Sitawaweka sana. Najua kuna ambao daku bado haijapikwa, na kesho kuna kazi.

Nimeombwa niseme juu ya maradhi ya presha, na hasa hii habari ya kumpima mtu nyumbani kisha nambari zake zikasomwa na mtu aliye mbali. Mimi si sheikh wala si daktari bingwa. Ni muuguzi, mtoto wa hapa hapa Mishomoroni. Nitakayosema, nusu nimefunzwa kazini, na nusu nimefunzwa na mamangu mzazi. Yeye mwenyewe amenipa ruhusa niyaseme. Amenambia, "Kawaambie mwanangu, huenda mwenzangu akapona."

Mamangu ana presha tangu zamani. Mwaka 2021 kakangu aliyeko Maskati alituma mashine ya kupimia, hizi za kufunga mkanda mkononi na kubonyeza kidude. Mimi wakati huo nilikuwa kazini Voi, nyumbani naja mara moja kwa mwezi. Tukapatana hivi: kila jioni Mama ajipime, aniandikie nambari kwa ujumbe mfupi wa simu, nami nikiona haikukaa vizuri nimwambie aende kliniki. Tukaona tumefanya jambo kubwa. Mtoto mmoja Uarabuni, mmoja Voi, na mama yuko chini ya macho yetu.

Nambari zikawa zaja. Leo 130 juu ya 80. Kesho 128 juu ya 82. Keshokutwa 132 juu ya 80. Nikimpigia simu namuuliza, "Mama, shikamoo, u hali gani?" Anajibu, "Marahaba, mwanangu. Mzima, alhamdulillahi. Umeona mashine yasema nini?" Nami nikimwambia kakangu, dawa zimemkubali Mama, tulia.

Ramadhan ya mwaka 2022, katika kumi la mwisho, Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka baada ya sala, tasbihi ikamponyoka mkono wa kulia. Akataka kuiokota, mkono haukwenda. Akataka kumwita mjukuu wake, ulimi ukawa mzito. Kilikuwa kiharusi. Majirani, Mungu awalipe, walimbeba wakampeleka hospitali usiku ule ule, na kwa sababu hawakungoja kuche, leo yuko hai na anazungumza. Lakini mkono ule haukurudi kama ulivyokuwa. Mamangu aliyekuwa akisukuma chapati za nyumba nzima, leo kikombe cha chai hukishika kwa mikono miwili.

Usiku wa pili nikiwa kando ya kitanda chake, nilikuwa nimeishika ile mashine. Mashine hizi zina kumbukumbu. Kuna kidude ukibonyeza, zakuonyesha vipimo vya nyuma, kimoja baada ya kimoja. Nikabonyeza. 164 juu ya 98. Nikabonyeza tena. 171 juu ya 102. 178 juu ya 104. Nikarudi nyuma wiki nzima, wiki mbili. Ile 130 juu ya 80 sikuiona hata mara moja.

Kwa nini alinificha?

Nilimuuliza alipopata nguvu. Nisikilizeni vijana, maana hapa ndipo mazungumzo yangu yalipo.

Akanambia, "Unakumbuka siku ya kwanza nilipokwambia mia na sitini? Ulinikaripia. Ulisema ni mimi na viazi karai vyangu na achari zangu. Simu ilikuwa kwenye spika, watoto wote wamesikia. Niliona haya. Tena Ramadhan ilipokaribia nikasema, nikimwambia kweli atanizuia kufunga."

Na kulikuwa na la pili. Mama alikuwa ameacha kidonge kimoja cha asubuhi. Ni ile dawa ya kutoa maji, inayompeleka mtu chooni mara kwa mara. Aliona yamtia kiu mchana naye amefunga, akaiweka kando bila kumwambia mtu.

Jamani, mashine haikusema uongo. Mama naye hakusema uongo kwa ubaya, alisema kwa mapenzi na kwa haya. Mwenye makosa ni mimi. Nilimpa mzazi wangu kipimo, kisha nikamfunza kwa ukali wangu kwamba nambari mbaya ni dhambi. Wahenga wamesema mficha maradhi kifo humuumbua. Mimi naongeza swali: ni nani aliyemfanya ayafiche?

Basi la kwanza ninalotaka mtoke nalo hapa ni hili. Nambari mbaya si kosa la mgonjwa, ni habari. Anayekuletea habari mapema amekufanyia hisani. Mwambie, "Ahsante Mama kwa kunambia," kisha ndipo mtafute la kufanya.

Presha ni nini, na kwa nini tupime nyumbani

Damu ikisukumwa na moyo hubana kuta za mishipa. Nambari ya juu ni pale moyo unapojikaza kusukuma, na ya chini ni pale unapopumzika kati ya pigo na pigo. Mkanda wa kufunga mkononi ulibuniwa na daktari wa Italia, Riva-Rocci, mwaka 1896. Mwaka 1905 daktari wa Urusi, Korotkoff, akaonyesha namna ya kusikiliza sauti ya mshipa kupata nambari zote mbili. Kwa hivyo elimu hii ina zaidi ya miaka mia. Kilichobadilika ni kwamba kilichokuwa mikononi mwa daktari sasa kiko juu ya meza ya sebule.

Ubaya wa maradhi haya ni ukimya wake. Mtu ana 170 na anauza maembe Kongowea, anacheka, anabeba gunia. Mwaka 2015 Wizara ya Afya ilifanya uchunguzi nchi nzima kwa watu wa miaka 18 hadi 69. Ilionekana karibu mtu mmoja katika kila wanne ana presha ya juu, na zaidi ya nusu ya watu hawajawahi kupimwa presha maishani mwao. Sasa tazameni safu mlizokaa, mhesabu wanne wanne.

Mtu atasema, mbona mimi hupimwa kliniki? Vizuri, endelea. Lakini fikiria safari yenyewe. Umepanda matatu, umesongwa, mmekwama foleni kwenye Daraja la Nyali, umefika umechelewa, umepanda ngazi, hujapumzika, unafungwa mkanda. Nambari itapanda. Wako watu presha yao huwa juu mbele ya muuguzi tu, nyumbani iko sawa. Na wako kinyume chake, kliniki yuko sawa na nyumbani iko juu, na hao ndio wa hatari zaidi kwa sababu hakuna anayewajua. Kupima nyumbani, siku kadhaa, hutoa picha ya kweli kuliko kipimo kimoja cha kliniki.

Na kutuma nambari kwa njia ya simu je, kwasaidia? Kwasaidia, ikiwa kuna anayezisoma na kuzifanyia kazi. Uingereza mwaka 2018 ulitolewa utafiti juu ya wagonjwa 1,182 wa presha, ukaongozwa na Profesa McManus. Kundi moja lilitibiwa kwa vipimo vya kliniki kama kawaida. La pili lilijipima nyumbani na madaktari wakarekebisha dawa kwa nambari hizo. La tatu lilijipima na kutuma kwa simu. Baada ya mwaka mmoja, la kwanza wastani wa nambari ya juu ulikuwa 140, la pili 137, la tatu 136. Na waliotuma kwa simu walishuka mapema zaidi. Waonaje, walitumia ujumbe mfupi wa kawaida. Si lazima simu ya bei kubwa. Kabambe ya bibi yatosha.

Lakini angalieni: kwa makundi yale mawili, nambari zilimfikia daktari, na daktari akabadilisha dawa. Nambari zikikaa ndani ya simu ya mtoto aliyeko Doha, mtoto akajibu kwa kidole gumba tu, hapo hamjamtibu mtu.

Namna ya kupima

Andikeni, au mmoja awaandikie wengine.

1. Mashine iwe ya kufunga mkono wa juu, juu ya kiwiko. Za kifundo cha mkono hukosea kwa urahisi, na saa za mkononi zinazodai kupima presha usizitegemee kwa mambo ya dawa. Mkanda uenee mkono. Mtu mnene akifungwa mkanda mdogo, nambari hupanda ya uongo. Ukienda kliniki ichukue mashine yako, muilinganishe na ya pale.

2. Nusu saa kabla, usinywe kahawa, usivute sigara, usifanye kazi ya nguvu. Nenda haja ndogo kwanza.

3. Kaa kwenye kiti chenye mgongo, miguu iguse sakafu, usipandishe mguu juu ya mguu. Mkono uwekwe mezani usawa wa moyo, mkanda juu ya ngozi, si juu ya mkono wa dera au kanzu. Nyamaza dakika tano. Usizungumze, wala wengine wasikuzungumzishe. Televisheni izimwe.

4. Pima mara mbili, kati yake dakika moja. Andika zote mbili, na saa, na siku.

5. Fanya hivyo asubuhi kabla ya dawa, na jioni, kwa siku saba kabla ya kwenda kliniki. Siku ya kwanza iache, chukua wastani wa zilizobaki. Kwa vipimo vya nyumbani, wastani wa 135 juu ya 85 au zaidi ni presha ya juu. Kliniki kipimo chao ni 140 juu ya 90.

Kipimo kimoja kikipanda usitie hofu. Lakini ikifika 180 au zaidi juu, au 120 au zaidi chini, pumzika dakika tano upime tena. Ikibaki hapo na huna dalili yoyote, mpigie daktari siku hiyo hiyo. Ikiwa kuna maumivu ya kifua, kukosa pumzi, kichwa kuuma vikali mno au macho kuingia giza, ni hospitali mara moja. Na mdomo ukienda upande, mkono ukilegea au ulimi ukawa mzito, hapo usitafute hata mashine. Nambari iwe yoyote, mtu apelekwe. Masaa ya mwanzo ndiyo ya thamani.

Mama mjamzito yeye ana hukumu yake. Akipata 140 juu ya 90 asingoje wiki, aende kliniki siku hiyo hiyo.

Ramadhan na dawa

Kwanza, kufunga mkanda hakuingizi kitu mwilini. Si kula wala si kunywa. Basi mtu asiache kupima kwa kisingizio cha saumu.

Pili, wengi wenye presha iliyotulia hufunga bila taabu, lakini dawa zipangwe kabla ya mwezi kuandama. Ziko dawa za mara moja kwa siku, daktari akakupangia uimeze kwa futari au kwa daku. Ile dawa ya maji, kama alivyopata mamangu, ina kiu na uchovu wake, hasa na joto letu hili la Mombasa. Dawa ya jambo hilo ni kumwambia daktari akubadilishie au akupangie wakati. Si kuitia kwenye kopo la biskuti ukanyamaza. Na yule ambaye daktari amemwambia asifunge, sharia imemwekea mgonjwa nafasi, na masheikh wetu wako, aende awaulize. Mamangu alihofu kwamba akisema kweli atanyimwa saumu. Kumbe angesema kabla, huenda angefunga kwa salama.

Tatu, mwezi huu pima kabla ya daku na kabla ya futari, saa zile zile kila siku. Usipime umetoka Tarawehe mbio, wala baada ya kushiba. Na angalia pia kushuka. Mtu akiona kizunguzungu, nambari ya juu iko chini ya 90, alazwe, asiachwe peke yake, na msaada wa daktari utafutwe.

Nne, chumvi. Shirika la Afya Duniani lasema mtu mzima asizidi gramu 5 kwa siku, yaani kijiko kidogo cha chai, chakula chote. Sasa hesabuni ng'onda, papa, achari, krispi za muhogo, na ile chumvi tunyunyizayo juu ya viazi vilivyokwisha tiwa chumvi. Sisemi msile. Nilisema hivyo mara moja, mmeona matokeo. Nasema anayepika ndiye apunguze kwenye sufuria, kwa nyumba nzima, ili mgonjwa asile chake peke yake kama aliyefungwa. Ndimu na pilipili zapatikana tele.

Sisi vijana tufanye nini

Mwezi wa Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa wahudumu wa afya ya jamii, kiasi cha laki moja nchi nzima. Walipewa mikoba yenye mashine ya presha na ya sukari, na simu za kuandikia taarifa za nyumba wanazozitembelea. Basi ujue nani anahudumu upande wenu. Akibisha hodi, msimwambie hatuna mgonjwa. Mkaribisheni, mwonyesheni daftari.

Kwetu sasa mpango ni huu. Binti ya dadangu, mwanafunzi wa sekondari, ndiye mpimaji. Hampimi nyanyake kama askari, hukaa naye, humfunga mkanda, hunyamaza naye zile dakika tano. Nyanya amezipenda hizo dakika tano, asema ndizo pekee za siku ambazo mtoto hashiki simu. Kisha kioo cha mashine hupigwa picha, nambari zikaandikwa daftarini, picha nikatumiwa mimi. Sisi tunaopokea tumewekeana sharti tatu.

Sharti la kwanza, hakuna kukaripia. Jibu letu la mwanzo daima ni ahsante.

La pili, nambari ni amana. Hazitiwi kwenye kundi la WhatsApp la ukoo, shangazi wa Malindi akatoa fatwa ya majani na mjomba wa Likoni akatoa ya vitunguu thaumu. Wanaozipata ni watatu tu, na Mama mwenyewe ndiye aliyewachagua.

La tatu, kila nambari ina mwenyewe. Imeandikwa wazi kwenye jalada la daftari: ikiwa sawa, twamshukuru Mungu. Ikiwa juu siku tatu mfululizo, fulani ndiye wa kumpeleka kliniki na daftari lake. Ikiwa ya hatari, fulani ndiye mwenye gari, na huyu hapa ni wa pili ikiwa wa kwanza hapatikani. Kabla ya hapo sote tulikuwa twaangalia, na hakuna aliyekuwa wa kwenda.

Mashine bei yake si ndogo kwa kila nyumba, najua. Lakini nyumba tatu nne za jirani zaweza kuchanga moja, kila mtu na daftari lake. Na chama chetu hiki cha vijana, badala ya kungoja mradi, kila kijana achukue nyumba moja ya mzee asiye na mtoto karibu. Mara moja kwa wiki, upime, uandike, unywe chai yake. Ukikuta nambari mbaya, nimeshakwambia neno la kwanza ni lipi.

Namalizia. Mwezi uliopita mamangu alipata 158 juu ya 94. Saa moja haijapita, simu yangu ikalia, ni yeye mwenyewe. Akasema, "Baba, leo imepanda. Nilikula achari ya maembe kwa jirani, na dawa ya jana nilisahau. Nakwambia kabla picha haijakufikia." Nilicheka, na machozi yalinitoka. Kwangu mimi ile 158 ya kweli ni tamu kuliko zile 130 zote nilizotumiwa mwaka ule.

Mkirudi nyumbani usiku huu, kabla ya daku, muulizeni mzazi kwa upole: Mama, Baba, mara ya mwisho kupimwa presha ilikuwa lini? Kisha nyamazeni, mumsikilize.

Mwenyezi Mungu awape shifaa wagonjwa wetu, awarehemu waliotangulia, na atukubalie saumu zetu. Wabillahi tawfiq.